Swichi Ndani ya Uboho: Kwa Nini Mtoto wa Selimundu Huanza Kuugua Baada ya Miezi Sita

Mtoto huzaliwa akiwa na afya njema. Ananyonya vizuri, anaongeza uzani, na mstari kwenye kijitabu cha kliniki unapanda kila mwezi. Kisha, karibu na mwezi wa sita au wa saba, vidole vyake na nyayo zinavimba, analia usiku kucha bila kubembelezeka, na weupe wa macho unageuka manjano. Katika nyumba nyingi kuanzia Sirisia hadi Endebess, maswali huanza hapo. Ni nani aliyemtazama mtoto kwa jicho baya? Mama alikula nini alipokuwa mjamzito? Na kama ugonjwa ulikuwa kwenye damu tangu mwanzo, mbona ulingoja miezi sita?

Swali hilo la mwisho lina jibu, na jibu lenyewe liko ndani ya mifupa ya mtoto. Anayelielewa ataelewa pia kwa nini baadhi ya vipimo humdanganya mzazi, kwa nini dawa inayoitwa haidroksiyurea hufanya kazi, na kwa nini si haki kumlaumu mama.

Kiwanda kisicholala

Katikati ya mifupa mna kitu laini kinachoitwa uboho. Hapo ndipo damu hutengenezwa. Uboho wa mtu mzima hutoa takriban seli nyekundu bilioni 200 kila siku, yaani zaidi ya milioni mbili kwa kila sekunde. Kazi hiyo haina likizo, kwa sababu seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huchakaa na kuondolewa.

Seli zote za damu, ziwe nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, nyeupe zinazopigana na maradhi, au vigandishadamu vinavyoziba jeraha, zina chimbuko moja: seli shina. Hizi ni chache sana ukilinganisha na wingi wa damu, na uboho huzitumia kwa uangalifu kama mkulima anavyotumia mbegu yake. Mkulima mwenye busara hauzi gunia la mwisho. Hubakiza la kupanda. Seli shina inapogawanyika, sehemu ya uzao wake hubaki kuwa seli shina, na sehemu nyingine huingia safari ya kuwa damu. Nyingi ya seli shina zimelala wakati wowote ule. Seli jirani ndani ya uboho huzitumia ishara za kikemikali zinazoziambia zitulie mahali pake. Mtu akivuja damu au akishambuliwa na maradhi, ishara nyingine hufika na kuziamsha.

Ishara iliyo rahisi kueleweka hutoka mbali kidogo, kwenye figo. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mjini ni kama mita 1,400. Anayehamia Kitale kutoka Bungoma hupanda nusu kilomita kwenda juu, ingawa barabara ya Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini haimwonyeshi mlima wowote wa kutisha. Hewa ya juu ni nyepesi zaidi. Figo hutambua kwamba oksijeni kwenye damu imepungua, nazo hutoa homoni iitwayo erithropoietini. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi ubohoni na kuziambia seli zilizo njiani kuwa seli nyekundu ziongezeke na zisife mapema. Watafiti watatu waliofichua jinsi seli zinavyotambua upungufu wa oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019. Ni sababu mojawapo ya wanariadha kupenda kufanyia mazoezi Iten, kule Elgeyo Marakwet, na ndiyo homoni hiyohiyo ambayo wengine huidunga kwa hila, wakapigwa marufuku kushindana. Mgonjwa wa figo naye hupungukiwa na damu kwa sababu figo zake haziwezi tena kuituma ishara hiyo.

Ishara hutoka nje, basi. Lakini ishara ikishafika, seli hujuaje la kufanya?

Mbegu moja, majani na mizizi

Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zote za mtu, yaani maagizo yote aliyorithi kwa wazazi. Seli ya ini inayo maagizo ya kutengeneza damu, na seli changa ya damu inayo maagizo ya kutengeneza ini. Tofauti ni kwamba kila seli hufungua kurasa inazohitaji na kuzifunga nyingine. Shina la hindi lililotoka kwa punje moja lina mizizi, majani, mbelewele na gunzi, na vyote hivyo vina maagizo yaleyale ya punje ile.

Kazi ya kufungua na kufunga jeni hufanywa na protini maalum zinazoshika DNA mahali fulani, kama kidole kwenye swichi ya taa. Protini moja inayoitwa GATA1 ikiwashwa, seli changa ya ubohoni huelekea kuwa nyekundu. Bila hiyo, seli nyekundu haikomai. Kwa namna hii ishara ya nje na swichi ya ndani hufanya kazi pamoja: figo huomba damu, na jeni ndani ya uboho huamua ni damu ya aina gani.

Hapa ndipo tunapofikia miezi sita.

Rangi nyekundu ya damu hutokana na himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Binadamu ana maagizo ya himoglobini zaidi ya moja. Mtoto akiwa tumboni hutumia ya kwanza, ambayo hapa itaitwa himoglobini changa. Ina uwezo mkubwa wa kushika oksijeni, na ndiyo maana huweza kuivuta kutoka kwa damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Baada ya mtoto kuzaliwa na kuanza kupumua mwenyewe, swichi hugeuka. Jeni ya himoglobini changa hufungwa polepole, na jeni ya himoglobini pevu hufunguliwa. Mabadiliko hayo huchukua miezi kadhaa. Mtoto anapofikisha nusu mwaka hivi, sehemu kubwa ya damu yake ni ya aina ya pili.

Kwa mtoto wa selimundu, ile jeni ya pili ndiyo yenye kasoro. Ya kwanza ni nzima kabisa. Ndiyo sababu alizaliwa mzima: alikuwa akiishi kwa himoglobini ambayo haina ugonjwa. Hakuna aliyemroga mwezi wa sita. Swichi iligeuka, kama inavyogeuka kwa kila mtoto.

Daktari wa watoto aliyeitwa Janet Watson aliligundua jambo hili New York mwaka wa 1948. Aliona kwamba watoto wachanga waliorithi ugonjwa huu wana seli chache zenye umbo la mundu, akasema huenda himoglobini ya tumboni ndiyo inayowakinga. Alikuwa sahihi, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuweza kusoma jeni.

Herufi moja

Maagizo ya jeni huandikwa kwa herufi nne za kikemikali. Katika selimundu, herufi moja tu kwenye jeni ya himoglobini pevu imebadilika. Kosa hilo dogo hufanya himoglobini ishikamane pindi inapoachilia oksijeni, ikajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli. Seli ambayo ilipaswa kuwa mviringo na laini hupinda ikawa kama mundu wa kukatia nyasi, na hapo ndipo jina lilipotoka. Kliniki nyingi watu huiita sikoseli.

Seli iliyopinda huziba mishipa midogo. Pale inapoziba, nyama na mifupa hukosa hewa, na maumivu yake ni makali kiasi kwamba mtu mzima hulia. Seli hizi pia huvunjika haraka, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120. Umanjano wa macho hutokana na mabaki yake. Figo huona damu imepungua na kupiga kengele mfululizo, uboho hufanya kazi kupita kiasi, na bado hauwezi kufidia. Ndiyo maana wagonjwa hupewa asidi ya foliki, ambayo uboho huihitaji ili kutengeneza seli mpya. Na ndiyo maana virusi viitwavyo parvo B19, ambavyo kwa mtoto mwingine huleta homa ndogo na vipele, vinaweza kumhatarisha mtoto huyu: husimamisha utengenezaji wa seli nyekundu kwa siku kadhaa, na yeye hana akiba ya kumvusha siku hizo.

Himoglobini changa ikiwemo ndani ya seli, hujiingiza kati ya zile nyuzi na kuzizuia zisiendelee kurefuka. Wapo watu, hasa mashariki mwa Saudia na sehemu za India, waliorithi selimundu lakini pia wakarithi hali inayofanya himoglobini changa isizimike sana. Ugonjwa wao huwa mwepesi zaidi. Kwa wanasayansi hiyo ilikuwa dalili kwamba swichi ikiweza kurudishwa nyuma hata kidogo, mgonjwa atapata nafuu.

Kwa nini hapa kwetu magharibi

Mwaka wa 1949 mtafiti kijana aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alikusanya damu kutoka jamii mbalimbali za nchi hii. Aliona kwamba jeni ya selimundu ni ya kawaida pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu. Akajiuliza ni kitu gani kilicho pwani na ziwani ambacho hakipo milimani. Jibu lake, alilochapisha mwaka wa 1954, lilikuwa mbu. Mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida, anayeitwa AS, hulindwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Kwa maelfu ya miaka watoto wa AS walipona malaria iliyowaua wengine, wakakua, wakazaa, na jeni ikaenea.

Bungoma iko katika ukanda wa malaria wa ziwa, na ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za kwanza nchini ambako chanjo ya malaria ilianza kutolewa mwaka wa 2019. Trans Nzoia ni nyanda za juu, ambako malaria huja kwa milipuko. Lakini mpaka wa kaunti hauzuii ndoa. Familia nyingi za Kitale, Kiminini na Saboti zina mizizi Bungoma, Busia, Kakamega na Uganda, na jeni zilisafiri pamoja na watu walipokuja kufanya kazi mashambani na kununua ardhi. Mzazi anayedhani kwamba baridi ya Kitale imemwondolea mtoto hatari amekosea.

Kuhusu wingi wa jeni hii, takwimu nzuri ziko ng'ambo ya Mlima Elgon. Uganda ilipopima takriban sampuli 100,000 za damu ya watoto wachanga kati ya mwaka wa 2014 na 2015, asilimia 13.3 walikuwa AS, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Jambo moja lisisahauliwe: kinga dhidi ya malaria ni ya mtu wa AS. Mtoto wa SS, aliyerithi jeni mbili, hana bahati hiyo. Malaria ni miongoni mwa mambo yanayomuua kwa haraka.

"Damu hii haikutoka kwetu"

Hilo ndilo neno linalosikika mtoto anapogunduliwa. Upande wa baba husema hawajawahi kuwa na ugonjwa kama huo, na mama hurudishwa kwao, au huachwa hospitalini na mtoto na bili. Ukweli wa jeni hauruhusu hukumu hiyo. Mtoto wa SS amepokea jeni moja kwa mama na moja kwa baba. Mzazi wa AS kwa kawaida haugui, na anaweza kufika uzeeni bila kujua.

Mkulima wa Trans Nzoia analijua jambo hili kwa njia nyingine. Tangu mbegu chotara ya H611 itolewe kutokana na utafiti wa Kitale mwaka wa 1964, kila mtu anafahamu kwamba mbegu ya dukani huota sawasawa msimu wa kwanza. Akichukua mahindi hayo na kuyapanda tena, shamba huchanganyika: mengine marefu, mengine mafupi, mengine hayazai vizuri. Hakuna kilichoingia shambani usiku. Tabia zilizokuwa zimejificha ndani ya mbegu ya kwanza zimejitenga.

Wazazi wawili wa AS wakipata mtoto, uwezekano kwamba atakuwa SS ni mmoja kati ya nne. Uwezekano wa kuwa AS ni wawili kati ya nne, na wa kuwa AA, bila jeni hiyo, ni mmoja kati ya nne. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama, na hili huwaumiza wengi waliodhani wameshalipa deni.

Kundi la damu ni jambo jingine kabisa. Mtu wa O chanya anaweza kuwa AA, AS au SS. Vijana wanaopanga kuoana na kuambiana tu kundi la damu hawajaambiana lolote kuhusu selimundu.

Kurudisha swichi nyuma

Mwaka wa 2008 watafiti wa Boston, Marekani, wakiwemo Vijay Sankaran na Stuart Orkin, walionyesha kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo mojawapo ya vidole vikuu vinavyozima himoglobini changa. Ikipunguzwa, himoglobini changa hurudi. Kutokana na ugunduzi huo kulitokea tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, iitwayo Casgevy. Seli shina za mgonjwa hutolewa, sehemu ya DNA inayoiwasha BCL11A katika seli nyekundu hukatwa, uboho uliobaki husafishwa kwa dawa kali za aina wanazopewa wagonjwa wa saratani, kisha seli zilizorekebishwa hurudishwa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 280. Familia ya Chwele ikiambiwa na mtu kwamba kuna mganga au kliniki inayotoa "tiba ya jeni" kwa elfu chache, ijue inadanganywa.

Dawa ambayo mtoto wa hapa anaweza kuitumia ni ya zamani zaidi na huja kama kidonge au kapsuli. Haidroksiyurea hupunguza mwendo wa seli zinazogawanyika ubohoni, na uboho hujibu kwa kutoa seli nyekundu zenye himoglobini changa nyingi zaidi. Haibadilishi jeni. Huigeuza swichi nusu, na mtu akiacha kuimeza, swichi hurudi ilipokuwa.

Kwa muda mrefu kulikuwa na hofu ya kuitumia Afrika. Dawa hii hupunguza pia seli nyeupe, na wengi walijiuliza kama haingewaacha watoto wazi kwa malaria na maambukizi mengine. Utafiti ulioitwa REACH ulijibu swali hilo, na sehemu yake ulifanyika karibu sana: Mbale, upande wa pili wa Mlima Elgon, pamoja na Kilifi kwetu pwani, Kinshasa huko Kongo na Luanda nchini Angola. Watoto 606 wa kati ya mwaka mmoja na 10 walipewa dawa. Matokeo yalichapishwa Januari 2019. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, matukio ya malaria yalishuka kutoka 47 hivi kabla ya dawa hadi 23. Mara za kuongezewa damu zilishuka kutoka 43 hadi 14. Matukio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Dawa iliyoogopwa ndiyo iliyookoa.

Haimezwi kiholela, hata hivyo. Kipimo cha dawa hutegemea uzani wa mtoto, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara ili seli nyeupe zisishuke mno. Mwanamke mjamzito au anayepanga kushika mimba azungumze na daktari kwanza. Na hairuhusiwi kugawana dawa na mtoto wa jirani.

Kupima mapema, na kupima sawasawa

Wataalamu wanakadiria kwamba barani Afrika zaidi ya nusu ya watoto wa SS wasiogunduliwa hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wengi huandikwa kwamba wameuawa na malaria, nimonia au upungufu wa damu, na ugonjwa uliokuwa chini yake haujulikani kamwe.

Kipimo cha haraka ambacho huchunguza kama seli zinapinda kina udhaifu ambao msomaji sasa anaweza kuueleza mwenyewe. Mtoto wa chini ya miezi sita bado ana himoglobini changa nyingi, kwa hiyo seli zake huenda zisipinde, na jibu likaja "hana" ilhali anao. Kipimo hicho pia hakitofautishi vizuri AS na SS. Kwa mtoto mchanga, mzazi aombe kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Vipo pia vipimo vidogo vya tone la damu ya kidole au kisigino vinavyoweza kutumika tangu siku ya kuzaliwa. Mtoto aliyeongezewa damu hivi karibuni apimwe tena baada ya miezi mitatu hivi, kwa maana damu ya mchangiaji hulichanganya jibu. Pasipo kipimo katika zahanati, mhudumu aombwe kuandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti. Ndugu wote wa mtoto aliyepatikana na ugonjwa wapimwe pia.

Akishagunduliwa, mambo yanayomweka hai si ya ajabu. Penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku tangu akiwa na miezi miwili au mitatu hadi afikishe miaka mitano, kwa sababu wengu wake, unaochuja vijidudu, huharibika mapema. Chanjo zote kwa wakati. Asidi ya foliki, dawa ya kuzuia malaria kama alivyoelekezwa na kliniki, chandarua kila usiku, hata Kitale. Maji mengi ya kunywa. Wahudumu humfundisha mama kupapasa tumbo chini ya mbavu za kushoto: wengu ukivimba ghafla na mtoto akapauka, damu imejikusanya humo, na ni hospitali saa hiyohiyo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni hospitali siku hiyo, si kesho. Vilevile kupumua kwa shida, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au mdomo kwenda upande, na kwa mvulana, uume kusimama kwa saa nyingi kwa maumivu.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto huyu hukojoa mara nyingi kwa sababu figo zake hazibani maji. Kumnyima ruhusa ya kwenda chooni au kunywa maji darasani ni kumwalika kwenye maumivu. Akichelewa gwaride asubuhi ya baridi ya Julai, avumiliwe na avae sweta.

Baridi inahusu pia jambo ambalo wazee wa Kibukusu pekee wanaweza kulisema kwa uzito unaostahili. Agosti ya kila mwaka usiogawanyika vibaya, yaani 2024, 2026 na kuendelea, wavulana hupelekwa mtoni alfajiri, hupakwa tope baridi na kurudi nyumbani kutahiriwa. Kwa mvulana wa SS, maji ya baridi, kukesha, uchovu na kuvuja damu vikikutana vinaweza kuleta shambulio la maumivu au hatari kubwa zaidi. Familia inaweza kumtahiri hospitalini, ambapo daktari ameshaambiwa hali yake na damu imeandaliwa, kisha sherehe ikafanyika nyumbani na jina lake likaingia katika rika lake. Wavulana wasiojua hali yao wapimwe miezi kadhaa kabla ya kuanza kupiga njuga, si wiki ya mwisho.

Mwisho ni damu yenyewe. Mtoto aliyeishiwa nguvu saa nane ya usiku hupona kwa chupa iliyo kwenye friji, na chupa hiyo ilitoka kwa mtu mzima fulani aliyekaa kwenye kiti kwa dakika chache. Uboho wa mchangiaji hupokea ishara ya figo zake, seli shina huamka, na seli nyekundu alizotoa hurudi ndani ya wiki chache. Aulize tarehe ya uchangiaji damu katika hospitali iliyo karibu naye, na afike akiwa amekula na kunywa maji. Wazazi wa mtoto wa SS waende kliniki na kijitabu kilichoandikwa waziwazi kwenye jalada: aina ya himoglobini, kundi la damu, dawa anazomeza na vipimo vyake vya mwisho, ili zamu ya usiku isianze kuuliza upya.